Mtoto Asome Kila Siku, Nawe Ukae Naye

(Haya ni mazungumzo ya bibi mmoja, mhitimu wa kisomo. Aliyatoa mbele ya wazazi wa kijiji cha wavuvi kusini mwa Ujiji, mkoani Kigoma. Tunayachapa kama alivyoyasema.)



Mmeniita niseme juu ya watoto na usomaji wa Biblia kila siku. Mimi si mchungaji, wala si mwalimu wa shule. Mimi ni mama wa hapa hapa mwaloni. Nimeanika dagaa tangu nikiwa msichana. Lakini nimelea watoto sita, na sasa nalea wajukuu. Katika jambo hili nilikosea sana, halafu baadaye nikapata. Basi leo nitawaambia yote mawili, kosa langu na nilichokipata.

NILIVYOJIFUNZA KUSOMA

Wengi wenu hamkuwapo wakati ule. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baadaye madarasa ya kisomo yakaenea nchi nzima. Mimi niliingia darasani mwaka 1974. Darasa letu lilikuwa chini ya mwembe. Nilikuwa mama kijana, na mwanangu wa kwanza alikuwa mgongoni. Nikiandika ubaoni, yeye analia. Nikikaa, ananyonya.

Agosti 1975 ulikuja mtihani wa taifa. Nikafaulu. Nilifurahi sana, lakini furaha ilikuja na swali: sasa nitasoma nini? Nyumbani kwetu kulikuwa na kitabu kimoja tu, Biblia ya mume wangu. Ilikuwa ile ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952. Siku ya kwanza nilisoma mistari mitatu, jasho likanitoka. Siku ya pili mistari minne. Hivyo hivyo, mpaka nikamaliza Injili ya Marko.

Nawaambieni kweli, wenzangu wengi wa darasa lile walifaulu mtihani, kisha wakasahau kusoma. Hawakuwa wajinga. Walikosa tu kitu cha kusoma kila siku. Kusoma ni kama njia ya shambani. Ukiacha kuipita, nyasi zinaota, na mwishoni huioni tena.

KOSA LANGU

Mwanangu yule wa mgongoni akakua. Alipofika miaka kumi, kiasi cha mwaka 1983, alikuwa anajua kusoma vizuri kuliko mimi. Nikasema, mtoto huyu lazima asome Biblia kila siku. Nia yangu ilikuwa njema. Lakini sikilizeni nilivyofanya.

Kwanza, nilichagua saa ya usiku, baada ya kazi zote. Mtoto ametoka shule, amechota maji, ameanua dagaa, amekula. Macho yanafumba. Mimi nawasha kibatari, nasema, "Haya, soma."

Pili, nilimtaka asome sura nzima. Tena tulianza Mwanzo, kitabu kwa kitabu. Mwanzo ilikwenda vizuri, kuna habari za Nuhu na Yusufu. Tulipofika Hesabu tukakwama. Ni majina ya watu na idadi zao, ukurasa baada ya ukurasa. Mtoto wa miaka kumi atashika nini hapo?

Tatu, yeye akisoma, mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo. Nasikia sauti tu. Sauti ikinyamaza, najua amesinzia. Basi natoka na fimbo.

Tulifanya hivyo miaka miwili. Mtoto alisoma kila siku, ndiyo. Siku moja nikiwa safarini, hakusoma. Niliporudi, hakusoma tena. Nilimpiga, hakusoma. Baada ya muda akaanza kwenda ziwani na baba yake, na Biblia ikabaki rafuni.

Alipokuwa mtu mzima, mwenye mke, nilimwuliza kwa nini haigusi Biblia. Akanijibu kwa heshima, akasema, "Mama, nikikiona kile kitabu, nakumbuka fimbo."

Ndugu zangu, neno lile liliniuma. Nilimfundisha mwanangu kusoma, na papo hapo nikamfundisha kuchukia anachosoma.

Najua mtu atasema, "Bibi, kitabu cha Mithali kinataja fimbo." Ni kweli, kinataja. Lakini fimbo ile ni ya kumrudi mtoto mkaidi. Mtoto mwenye usingizi si mkaidi. Amechoka.

Someni na Kumbukumbu la Torati, sura ya 6. Pale wazazi wanaambiwa wayazungumze maneno ya Mungu na watoto wao, nyumbani na njiani, usiku na asubuhi. Wazazi wanatakiwa kuzungumza. Na huwezi kuzungumza na mtoto ukiwa jikoni, na yeye yuko peke yake sebuleni.

ZIWA LILIPOFUNGWA

Sasa nije kwenye kupata kwangu.

Mnakumbuka mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Miezi ile wanaume walilala nyumbani usiku. Mwanangu naye alikuwapo. Mchana anashona nyavu, jioni anakaa barazani.

Ana binti mdogo, aliyekuwa darasa la tatu wakati ule. Huyo ni mjukuu wangu, tunakaa ua mmoja. Nikasema moyoni, nitajaribu tena, lakini safari hii bila fimbo.

Tulianza na Injili ya Marko. Ni fupi, ina sura 16 tu, na mambo yake yanakwenda haraka. Tukasoma nusu sura kwa siku, mara tu baada ya kula, kabla ya vyombo kuoshwa. Yeye anasoma kwa sauti, mimi nimekaa kando yake. Baba yake yuko pale pale barazani na nyavu zake. Sikumwita. Sikumwambia neno.

Siku ya pili tu tukafika pale Yesu anapowaita wavuvi. Yakobo na Yohana wako chomboni, wanatengeneza nyavu pamoja na baba yao Zebedayo. Wanaitwa, wanamwacha mzee, wanamfuata Yesu. Mjukuu wangu akasimama kusoma. Akasema, "Bibi, sasa yule mzee atavuta nyavu na nani?"

Mimi sikuwa na jibu. Nikataka kumwambia aendelee tu. Mara baba yake, bila kuinua kichwa, akasema, "Walikuwapo vibarua. Soma vizuri, utawaona."

Mtoto akarudia mstari. Kweli, walikuwapo. Zebedayo aliachwa chomboni pamoja na watu wake wa kazi.

Nilinyamaza kimya. Mwanangu hakuwa amesoma kitabu kile kwa karibu miaka arobaini. Lakini neno lilikuwa bado limo ndani yake, chini ya maumivu yote yale. Toka siku hiyo mtoto alikuwa akiuliza, anageuka kwa baba yake. Habari za wavuvi, za dhoruba ziwani, za chombo kinachojaa maji, nani azijue kuliko yeye?

ZIWA LILIPOFUNGULIWA

Agosti ziwa likafunguliwa. Furaha kubwa, dagaa wakarudi mchangani. Lakini usomaji wetu ukawa hatarini.

Ninyi mnajua kazi yetu. Usiku wa giza wanaume wako ziwani na taa zao. Wanatoka jioni, wanarudi alfajiri. Siku za mbalamwezi dagaa hawafuati taa, ndipo wanaume wanapumzika. Basi ile saa yetu ya baada ya chakula cha usiku ikafa. Baba hayupo. Mtoto akasema, "Bibi, tumngoje baba." Ikapita siku moja, mbili, tano.

Hapo nikajifunza kwamba desturi haifungwi kwenye saa ya ukutani. Inafungwa kwenye jambo linalotokea kila siku. Kwetu jambo hilo ni chakula cha baba kabla ya kwenda ziwani, mnamo saa kumi jioni. Mtoto ametoka shule, hajachoka sana, na jua bado lipo, hatuhitaji taa. Baba anakula, mtoto anasoma mistari kumi, tunasali kwa ufupi, baba anachukua koti lake anakwenda. Siku za mbalamwezi ni vile vile, saa ile ile.

Wewe ambaye si mvuvi, tafuta jambo lako. Labda ni uji wa asubuhi. Labda ni kurudi kutoka shambani. Liwe jambo ambalo halikosi.

MAMBO YA KUFANYA

Sasa nitayataja moja moja, ili mwenye kalamu aandike.

La kwanza, soma kidogo. Mistari kumi inatosha, au nusu sura. Ukisoma Marko nusu sura kwa siku, utamaliza kwa siku 32. Mtoto akimaliza kitabu kizima atajiona ameshinda, naye atataka kingine. Na mwache mtoto akiwa bado anataka. Akisema, "Bibi, bado kidogo," mwambie, "Kesho." Kesho atakuja mwenyewe.

La pili, anza na habari zenye watu na matendo. Anza na Marko, kisha Yohana au Luka. Zipo na habari za Yusufu, Ruthu, Daudi, na Yona. Hesabu na Mambo ya Walawi vingoje mtoto akue. Na kama lugha ya Biblia ya Muungano inamshinda mtoto, ipo Biblia Habari Njema, iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi.

La tatu, mtoto asome kwa sauti, na mtu mzima akae amsikilize. Akae, narudia. Asioshe vyombo, asishike simu. Mtoto anatazama wewe unafanya nini. Ukiwa unashika simu, anajua kwamba simu ni kubwa kuliko Biblia.

La nne ni kwa wewe usiyejua kusoma, au uliyesahau. Usione haya, unaweza kuongoza vizuri kabisa. Mwulize mtoto maswali manne: Nani alikuwapo? Ilikuwa wapi? Kilitokea nini? Wewe ungefanyaje? Kisha mwombe akuonyeshe neno moja kitabuni, ulisome pamoja naye. Neno moja kila siku ni maneno mengi kwa mwaka. Wapo akina mama hapa walioanza tena kusoma kwa njia hii, wakifundishwa na watoto wao wenyewe.

La tano, mtoto akiuliza usilolijua, sema, "Sijui, tutamwuliza mchungaji," au padre, au katekista. Mtoto hamdharau mzazi anayesema sijui. Anamdharau anayedanganya.

La sita, sala iwe fupi, na mtoto aisali mwenyewe kwa maneno yake. Mjukuu wangu husali hivi: "Mungu, baba arudi, na injini isizimike." Ni sala ya kweli hiyo. Kila mke wa mvuvi anaijua.

La saba, siku ikikatika, usimlipishe mtoto. Usiseme, "Jana hukusoma, leo soma mara mbili." Hapo umeigeuza Biblia kuwa deni. Anza palepale mlipoachia. Sisi tunaweka kipande cha uzi wa wavu katikati ya kurasa, tusipotee.

La nane, tunza kitabu. Hapa kwetu kuna unyevu wa ziwa, kuna mchwa na mende. Funga Biblia kwenye mfuko wa nailoni, uiweke juu, mbali na chumvi na mafuta ya mawese. Lakini usiiweke juu sana hata mtoto asiifikie. Kitabu asichokifikia mtoto si chake.

TUJIFUNZE KWA WENGINE

Watu wa Ujiji tuna mfano karibu. Tazameni watoto wa majirani zetu Waislamu. Kila siku wanakwenda chuoni kusoma Kurani. Jua liwake, mvua inyeshe, utawaona njiani na misahafu yao. Hawaendi siku moja kwa wiki. Tangu nikiwa mtoto nimewaona hivyo. Tusione haya kujifunza jambo jema kwa jirani. Na majirani mnaonisikiliza hapa, maneno yangu juu ya kukaa na mtoto huenda yakawafaa ninyi pia.

Mfano mwingine ni wa mgeni aliyefika kwetu zamani. Pale Ujiji pana kumbukumbu ya Livingstone, mahali Stanley alipomkuta mwaka 1871. Wengi wetu tunajua hilo tu. Lakini Livingstone alikuwa mtoto wa maskini huko Uskochi. Alipokuwa na miaka tisa alikariri Zaburi ya 119, yenye mistari 176, akapewa zawadi ya Agano Jipya. Alipofika miaka kumi akapelekwa kiwandani kusokota pamba, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Aliweka kitabu juu ya mashine. Kila akipita, anasoma sentensi moja.

Alikufanya vile tangu utoto. Basi uzeeni, alipokwama katika nchi ya Manyema, ng'ambo ya ziwa letu, akiwa mgonjwa, aliisoma Biblia nzima mara nne. Mimi sisemi watoto wetu wapelekwe viwandani. Nasema kwamba desturi ya utotoni ndiyo aliyokuwa nayo siku ya shida. Mali yake aliyotumiwa Ujiji ilikuwa imekwisha kuuzwa. Kusoma kwake hakukuuzwa.

Na katika Biblia yenyewe yupo Timotheo. Mtume Paulo anataja waliotangulia kuwa na imani katika nyumba ile: bibi yake Loisi, na mama yake Eunike. Bibi na mama. Sisi ndio hao, akina mama. Lakini akina baba, msikae pembeni mkasema hii ni kazi ya wanawake. Mmesikia habari ya mwanangu. Neno moja lake barazani lilimfaa mtoto kuliko maneno yangu kumi.

MWISHO WA MANENO YANGU

Mtaniuliza, je, mwanangu sasa anasoma Biblia? Nitawaambia ukweli. Hapana, bado hajaishika kwa mkono wake. Wakati wa sala huvua kofia, basi. Lakini haondoki. Zamani alikuwa akimaliza kula anakwenda moja kwa moja mwaloni. Siku hizi anangoja mtoto amalize. Juzi wenzake walimwita kutoka mchangani, akawajibu, "Ngojeni kidogo, binti yangu bado mistari miwili."

Mimi nilimpiga kwa miaka miwili, nikapata ukimya wa miaka arobaini. Yule mtoto amemsomea tu, na hayo ndiyo niliyoyasikia. Tumemaliza Marko, Yohana na Luka. Sasa tuko Matendo ya Mitume, na ule uzi wa wavu unasogea kila siku.

Basi, ndugu zangu, leo jioni anzeni. Msingoje mwaka mpya wala Biblia mpya. Mistari kumi tu, na mzazi akae. Kama ulishawahi kutumia fimbo kama mimi, nenda kwa mwanao, hata kama ana mvi, umwambie, "Nilikosea." Mimi nilimwambia wangu wakati wa mbalamwezi, tukiwa wawili barazani. Hakunijibu, lakini alinisogezea kiti.

 Mungu awabariki, na wote walioko ziwani usiku huu warudi salama.